Kanga ya Miaka Mitano



Takrima ni neno zuri lililotendewa ubaya. Kwa asili yake ni ukarimu wa mwenyeji kwa mgeni: kigoda cha kukalia, maji ya kunywa, chakula kama kipo, na mgeni akiondoka hadaiwi kitu. Siasa imeligeuza neno hilo juu chini. Mgeni ndiye anayekuja kutoa, tena huja mara moja tu kila baada ya miaka mitano, na akishaondoka mwenyeji ndiye anayebaki na deni.

Kwa wale waliokuwa wadogo wakati ule, nikumbushe kwamba jambo hili liliwahi kuwa halali nchini mwetu Tanzania. Mwaka 2000 Bunge lilirekebisha Sheria ya Uchaguzi, likatamka kwamba kinachotolewa kwa nia njema, kama ukarimu wa kawaida au wa jadi, kisihesabiwe kuwa rushwa. Pilau la watu ishirini likawa takrima, na la watu elfu mbili vilevile. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na asasi nyingine mbili walikwenda Mahakama Kuu, na mwezi Aprili 2006 vifungu vile vikabatilishwa kwa kuwa vilikiuka Katiba: vilimpendelea mgombea mwenye fedha na kumbagua asiye nazo. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi, iliyotaka matumizi ya wagombea yawe na kikomo na yatolewe hesabu. Hata hivyo kanga, fulana na bahasha hazikuisoma hukumu ile.

Bibi mmoja mjane, muumini wa kigango chetu cha mlimani, alinipokea siku moja nilipompelekea Komunyo akiwa mgonjwa. Alikuwa amejifunga kanga iliyopauka, yenye picha ya mgombea wa zamani ambaye uso wake haukutambulika tena. Nikamtania kwamba anamfanyia mheshimiwa kampeni hata akiwa kitandani. Akacheka, kisha akasema: “Baba, kanga hii nimeilipia miaka mitano. Daraja halikujengwa, na mimi sikuwa na mdomo wa kuuliza, maana kanga yake nimeivaa.”

Nimeyatafakari maneno hayo kuliko hotuba nyingi nilizowahi kuzisikia. Bibi hakusema kwamba aliuza kura yake. Huenda hata hakumpigia yule bwana. Alichonyang'anywa ni haki ya kuuliza. Sisi tunapozungumzia fedha katika uchaguzi hutazama sanduku la kura peke yake, kana kwamba ubaya wote humalizika siku ya kuhesabu. Lakini tajiri mwenye busara hanunui siku moja. Hununua miaka mitano ya kutoulizwa: ni nani aliyepewa zabuni ya barabara, ni nani aliyesamehewa kodi, eneo la malisho limepimwa kwa jina la nani. Na mkulima wa mahindi mwenye akili na moyo wa kuwatumikia wenzake, asiyeweza hata kuchapisha mabango, hukaa nyumbani kwake akiangalia.

Wazee wetu walilijua jambo hili. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni binafsi, kupokea mishahara miwili au kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwezi Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Zanzibar ikayalegeza masharti hayo. Sisemi kwamba miaka ya Azimio ilikuwa pepo. Niliyepanga foleni ya sukari na sabuni nikiwa mtoto sina hamu ya kuirudia. Nasema tu kwamba ukuta uliokuwa kati ya kiti cha uongozi na daftari la biashara ulibomolewa, na haukujengwa mwingine wenye nguvu kama ule.

Wala tusidhani kwamba huu ni ugonjwa wa nchi maskini. Mwezi Januari 2010, mwaka uleule ambao sisi tuliweka sheria ya kikomo, Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani iliamua, kwa majaji watano dhidi ya wanne, kwamba makampuni yasizuiwe kutumia fedha zao katika uchaguzi, mradi yatumie bila kushirikiana na mgombea. Katika uchaguzi wa mwaka 2024 Elon Musk, tajiri kuliko wote duniani, alitumia zaidi ya dola milioni 250 kumsaidia Donald Trump na wenzake. Yeye hakugombea cheo chochote. Januari 2025 akakabidhiwa kazi ya kupunguza matumizi ya Serikali, hata akaondoka mwezi Mei. Miongoni mwa vilivyovunjwa mwaka huo ni shirika la misaada la USAID, ambalo fedha zake zilikuwa zikifika hadi katika zahanati zetu. Mgonjwa wa kijijini kwetu hakuwa na kura katika jambo lile.

Nasi ndani ya Kanisa tujitazame. Mtume Yakobo, katika sura ya pili ya waraka wake, anawakemea waumini wanaomwona mwenye pete ya dhahabu wakamkalisha mahali pazuri, na maskini wakamwambia asimame. Kila ninapoyasoma maneno yale huyaona makochi tunayoyapanga mbele siku za harambee. Mwezi Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliagiza zirudishwe shilingi milioni 2.6 za Kenya alizotoa Rais Ruto katika parokia ya Soweto, kwa kwaya na kwa ujenzi wa nyumba ya mapadre. Wengi walishangilia. Mimi niliwafikiria wanakwaya.

Maana niliwahi kukaa katika kikao cha namna hiyo. Mwaka 2015 mfanyabiashara mmoja aliyetaka ubunge aliahidi mabati yote ya kigango chetu, akaomba tu asalimie waumini baada ya Misa. Halmashauri ya Walei ilijadiliana hadi giza likaingia. Mhazini, mtu mwaminifu sana, alisema: “Baba, mvua hainyeshi kwa kufuata chama.” Akina mama wa WAWATA ndio waliotoa shauri lililokubaliwa: mabati yapokelewe, ila baada ya kupiga kura, bila kutajwa jina na bila kipaza sauti, kama yanavyopokelewa mahindi ya kila mtu. Mwenyekiti akampelekea majibu kwa adabu zote. Yule bwana alishukuru, akasema tutaonana baada ya uchaguzi.

Alishinda, na hakurudi. Kigango kile kilisali chini ya turubai kwa masika mawili zaidi, na wapo waumini ambao hadi leo hawajaisamehe halmashauri yao.