Nimenunua, au Nimepanga?

Neno kununua halina utata katika Kiswahili chetu. Mmepatana bei, umetoa hela, kitu ni chako. Muuzaji wa mitumba pale Karume akishakukabidhi shati, hana habari nalo tena. Umpe mdogo wako, ulikate mikono, ulifanye dekio, shauri yako. Hakufuati nyumbani usiku kukagua kama bado unalivaa wewe.

Mimi ni msomaji wa riwaya, na pia ni mcheza gemu za kompyuta. Sioni aibu kulisema hilo mbele ya wapenzi wa fasihi. Gemu ninazozipenda ni zile zenye hadithi. Unacheza peke yako, unafuatana na mhusika saa thelathini au arobaini, unamwamulia mambo yanayomfikisha pabaya au pazuri. Hakuna mpinzani aliyekaa nchi nyingine, kwa hiyo hakuna sababu ya kuhitaji mtandao. Ninaponunua gemu ya namna hiyo, nategemea nilichozoea kukipata kwa muuza vitabu, yaani kitu cha kukaa nacho.

Gemu ya mwisho niliyoinunua dukani hapa Dar es Salaam ilikuja kwenye boksi zuri lenye picha. Ndani hamkuwa na sidii. Mlikuwa na kikaratasi chenye namba ndefu, basi. Nikanunua bando la usiku, siku tatu mfululizo, mpaka gemu yote ikashuka. Nikaingiza namba, seva ya kampuni ikaikubali. Huko ndiko wanakokuita kuamilisha: programu inapiga hodi kwa wenyewe, inauliza kama huyu mtu aruhusiwe kuingia.

Nikacheza wiki mbili. Kisha diski ya kompyuta yangu ikafa, fundi akaniwekea nyingine, nikaanza upya. Bando, usiku, namba. Safari hii jibu likaja kwamba namba yangu imeshatumika kwenye kompyuta nyingine. Kompyuta nyingine ipi, jamani? Meza ni ile ile na mwenyewe ni yule yule. Nikawaandikia barua pepe. Wakataka picha ya risiti, kisha picha ya kikaratasi, kisha wakauliza nilinunua wapi. Siku kumi na moja nahojiwa kwa adabu kuhusu mali yangu mwenyewe.

Katika siku hizo kumi na moja, mpwa wangu alikuwa sebuleni kwangu anaicheza gemu hiyo hiyo. Alijaziwa kwenye flashi na kijana mmoja wa mtaani kwa shilingi elfu tatu. Yake haikuuliza namba wala haikutaka bando. Akaniambia, "Mjomba, mbona ya kwako inakusumbua hivyo?" Nikatafuta jibu la kumfundisha maadili, nikakosa. Aliyelipa amesimamishwa mlangoni na risiti mkononi. Asiyelipa yuko ndani, ameshavua viatu.

Makufuli haya si mapya. Prince of Persia ya mwaka 1989 ilikuwa inakutuma kwenye kitabu chake cha maelezo utafute herufi fulani, ndipo ikuruhusu kuendelea. The Secret of Monkey Island ya 1990 ilikuja na gurudumu la karatasi ngumu lenye nyuso za maharamia; unalizungusha, unapata jibu. Usumbufu ulikuwepo, lakini ufunguo ulikuwa ndani ya boksi lako. Ukiupoteza, umeupoteza wewe. Muuzaji hakuwa na mkono mrefu wa kuufunga mlango kutoka ng'ambo.

Mkono huo ulirefuka intaneti ilipoingia majumbani. Mwaka 2008 ilitoka Spore, ikiwa na masharti ya kuamilishwa kwenye kompyuta tatu tu. Wanunuzi walikasirika, wakamwaga malalamiko na nyota moja moja kwenye ukurasa wake wa Amazon, na baadaye idadi ikapandishwa hadi tano. Kufuli lote hilo halikuzuia kopi za wizi kusambaa kama moto wa nyika. Mwaka 2010 kampuni ya Ubisoft ikatoa Assassin's Creed II ya kompyuta kwa sharti zito zaidi: lazima uwe hewani muda wote unapocheza. Haikuchukua muda, seva zao zikashambuliwa, na watu waliolipa hela yao halali wakashindwa kucheza. Sasa chukua sharti hilo ulilete kwetu, ambako umeme ukirudi mtandao nao unaaga.

Sisemi kwamba wizi haupo. Anayesoma vitabu vya Kiswahili anajua mashine za kurudufu zinavyofanya kazi kwenye steshenari za jirani na shule, na anajua mwandishi anapata nini humo. Hapati kitu. Watengeneza gemu nao wana kodi za nyumba na watoto wa kusomesha, na sina neno na mtu anayetafuta namna ya kulinda jasho lake. Neno langu ni kwamba kufuli hili halimgusi mwizi. Likishavunjwa mara moja na mtu mmoja, kopi zote zinazotoka kwake hazina kufuli tena. Linabaki likining'inia kwa mnunuzi peke yake. Huo si ulinzi, ni adhabu ya kuwa mwaminifu.

Na wewe unayesema gemu hazikuhusu, wewe ni wa vitabu, subiri kidogo. Julai 2009 Amazon ilifuta nakala za 1984 na Animal Farm za George Orwell kutoka kwenye Kindle za watu waliokwisha kuzinunua, kwa kuwa aliyeziweka sokoni hakuwa na haki nazo. Hela zilirudishwa, na Jeff Bezos akaomba radhi hadharani. Lakini watu walikuwa wamejifunza kwamba rafu yao ina mlango wa nyuma, na ufunguo wake anao mtu mwingine. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu vya kielektroniki, vitabu vyote vilivyonunuliwa hapo vikatoweka. Wateja walirudishiwa hela zao, na waliokuwa wameandika maelezo yao kurasani wakaongezewa dola 25. Dola 25 kwa yote uliyoyawaza pembeni mwa kurasa! Nani alikaa akapiga hesabu hiyo?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakutuambia tufanyeje daftari likiwa mikononi mwa muuzaji, naye ana uhuru wa kulifunga siku akichoka. Machi 31, 2024, Ubisoft ilizima seva za The Crew, gemu ya mbio za magari iliyotoka 2014, na kuanzia hapo hata aliyetaka kuendesha gari lake peke yake, bila kushindana na mtu, hakuweza. Ross Scott wa Marekani akaanzisha kampeni ya Stop Killing Games, inayodai kwamba gemu iliyouzwa iachwe katika hali ya kuchezeka hata baada ya kampuni kuondoka. Mwezi Septemba mwaka huo huo, jimbo la California likapitisha sheria inayomzuia muuzaji wa bidhaa za kidijitali kutumia neno "nunua" bila kumweleza mteja waziwazi kwamba anachopata ni leseni tu. Mimi nimeipenda sheria hiyo kwa sababu inagusa neno. Kama ni kupanga, semeni ni kupanga. Mpangaji anajua hali yake. Hajengi ukuta wala hapandi mwembe.

Wala msiniambie kwamba bila kufuli biashara haiendi. Duka la GOG la kule Poland linauza gemu zisizo na kufuli tangu 2008. The Witcher 3, iliyotengenezwa na waliokuwa wenzao wa kundi moja wakati huo, iliuzwa hapo mwaka 2015 bila kufuli lolote, na imeuza mamilioni ya nakala.

Juzi mpwa wangu aliniuliza swali lingine, akicheka. "Mjomba, siku ukifa, gemu zako nani atazicheza?" Nikaenda kusoma yale masharti marefu ambayo sote tunabofya "nakubali" bila kuyatazama. Yameandika kwamba akaunti ni ya mtu mmoja, haihamishwi. Marehemu baba aliniachia nakala ya Kusadikika yenye jina lake kwa kalamu ya bluu na mistari aliyoipiga chini ya maneno yaliyomgusa. Nikiisoma, nasoma vitabu viwili, cha Shaaban Robert na cha baba. Hakuomba ruhusa kwa mchapishaji ili kunipa.

Kwa hiyo siku hizi, kabla sijalipa, nauliza jambo moja tu: nikizima intaneti na kuhamia kompyuta nyingine, hiki kitu kitafunguka? Kikiwa hakifunguki, na bado nakitaka, nalipa nikijua nimepanga, na silipi bei ya kununua, nasubiri kishuke. Kikiwa kinafunguka, nalipa bei yake yote bila kuguna. Nakipakua, nakiweka kwenye diski ya pembeni ninayoihifadhi kwenye droo moja na vitabu vya baba. Mpwa wangu nimeshamwonyesha droo hiyo ilipo.