Dawa ya Moto ni Moto

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Mpenzi msomaji, wengi wetu hupita langoni kila uchao bila kujiuliza lango lile lilinyookaje. Mimi nimejua, kwani kila likizo humsaidia mjomba wangu katika karakana yake ya jua kali. Karo yangu hutoka papo hapo, kwenye cheche.

Likizo moja mteja alikuja kuchukua geti la chuma. Akalipima, akakunja uso. "Fundi, geti limekwenda upande! Kwani hujui kupima?" Akaenda zake, na pesa zake mfukoni. Vipande vilikuwa vimepimwa sawasawa. Futi niliishika mimi mwenyewe. Ila mteja alituharakisha, na kibarua akachomelea kila kona mfululizo, moto juu ya moto. Haraka haraka haina baraka.

Darasani tulifunzwa kwamba chuma kikipata joto hutanuka. Mita moja ya chuma cha pua ikiongezewa digrii 100 za selsiasi hurefuka kwa milimita 1.2 hivi, na ikipoa hurudi ilivyokuwa. Mbona basi geti halikurudi?

"Mpwa wangu," mjomba akasema, "ukichomelea, panapopata moto ni mahali padogo tu. Pale panataka kutanuka, lakini chuma baridi cha kando kinapazuia. Sasa patakwenda wapi? Panajibana, panakuwa panene palepale. Pakipoa pananywea, na sasa ni pafupi kuliko mwanzo. Na kile chuma kilichoyeyushwa cha kuchomelea nacho kinanywea. Lazima zivute kona!"

Loo! Kumbe chuma nacho kina tabia yake.

Tulizikata kona, tukaanza upya. Kwanza tulizishikiza zote kwa nukta ndogo ndogo. Kisha tukapima kutoka kona hadi kona, mshazari huu na ule. Vipimo vikilingana, fremu imekaa mraba. Ndipo mjomba akachomelea vipande vifupi, huku akiruka kutoka kona hii hadi ile inayoikabili, ili joto lisirundikane mahali pamoja. Upau mmoja ulikuwa umebinuka. Nilidhani atatwaa nyundo. Wapi! Aliupasha moto upande uliobinuka nje, akauacha upoe. Ulinywea upande ule, ukanyooka. Ama kweli, dawa ya moto ni moto.

Siku ya tatu mteja alipima, akanyamaza, akalipa. Shule zilipofunguliwa nilikuwa na karo yangu kamili.

Wanachama wenzangu, fizikia si ya mtihani pekee, wala haikai mbali na Kiswahili. Kutanuka, kunywea, kubinuka: maneno haya mafundi wetu wanayo tele. Tuwaendee, tuwasikilize, wala tusiwadharau kwa sababu ya mikono yao myeusi.