Kariakoo kwa Mafundi wa Vioo vya Simu

Ndugu msomaji, mgeni akikuuliza ni wapi jijini Dar es Salaam simu iliyoumia hupata tiba ya haraka, bila shaka utamwelekeza Kariakoo. Jina hilo, kama ujuavyo, lilitokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza waliopiga kambi mahali hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wapagazi wangalipo hadi leo, wakipenya na mikokoteni yao katikati ya watu. Ila siku hizi mizigo mingi ni maboksi ya simu na vifaa vyake.

Nilifika huko Jumatatu moja nikiwa na simu mkononi na aibu moyoni. Siku iliyotangulia tulikuwa pwani ya Kigamboni pamoja na watoto. Simu ilishinda ndani ya mkoba, imebanana na machungwa, kanga iliyolowa na viatu vya mtoto. Jioni, tukiwa kivukoni, niliitoa nikaikuta imejaa vumbi. Nikashika pembe ya kanga nikaifuta kwa nguvu, kama mtu afutaye meza. Ilipotakata niliona mikwaruzo mitatu imepita katikati ya kioo. Simu hiyo ndiyo benki yangu: humo hupita karo ya watoto na fedha nimtumiazo mama kijijini. Tena nilikuwa bado naidaiwa.

Ukishuka basi la mwendokasi pale Gerezani, ingia mitaa ya ndani hadi Aggrey. Huko kava za simu zimetundikwa kwa mamia, za kila rangi. Mafundi wameketi barazani, kila mmoja na meza ndogo, taa na bisibisi zake, na kelele za wauzaji haziwatikisi. Kijana niliyemwendea aliinamisha simu yangu kwenye mwanga.

"Ni funguo hizi," nilijitetea.

"Funguo hazina kosa, mkubwa," akajibu. "Huu ni mchanga."

Kijana yule alisema kweli, na jambo hili wengi wetu hatulijui. Katika kipimo cha ugumu wa madini alichokibuni Mjerumani Friedrich Mohs mwaka 1812, almasi ipo daraja la 10. Vioo vingi vya simu huanza kukwaruzika kwenye daraja la 6. Sarafu na funguo za kawaida hazifiki hapo. Lakini kwatsi, madini yaliyojaa katika mchanga wetu na hata katika vumbi la barabarani, ipo daraja la 7. Sisi wakazi wa jiji hili twaishi juu ya mchanga. Twauleta nyumbani kwa viatu, kwa nguo na kwa mikoba. Kwa hiyo, ndugu msomaji, simu ikipata vumbi usianze kwa kuifuta. Ipulize kwanza, kisha uipitishie polepole kitambaa laini chenye unyevu kidogo. Kanga tuiachie kazi zake.

Mama mmoja aliyekuwa akingoja zamu yake alinishauri nipake dawa ya meno. Ushauri huo umeenea sana, nami naupinga. Dawa ya meno husugua, haizibi kitu. Itaondoa utando mwembamba unaozuia mafuta ya vidole, na mkwaruzo utabaki palepale.

Fundi alipitisha ukucha juu ya kioo. Mara mbili uliteleza. Mara ya tatu ukakwama. Hapo uso wake ulibadilika. Vioo vya namna hii huchovywa kiwandani katika chumvi ya potasiamu iliyoyeyushwa kwa moto, hata tabaka la juu likajibana na kuwa imara. Mkwaruzo ukilipenya tabaka hilo, simu ikianguka sakafuni ufa huweza kuanzia hapo. Na katika simu nyingi za sasa kioo kimegandishwa na kile kinachotoa picha, hivyo hubadilishwa vyote pamoja. Bei niliyotajiwa ilinifanya nikae kitako.

Tulikubaliana abandike protekta. Alisafisha kwa spiriti, akanasa chembe za vumbi kwa gundi ya karatasi, akailaza taratibu. Gundi yake iliijaza ile mikwaruzo miwili myepesi, ikafifia isionekane tena; wa tatu unaonekana hadi leo. Ile 9H iliyoandikwa kwenye pakiti isikudanganye: hicho ni kipimo cha ugumu wa penseli, wala si kile cha Mohs. Protekta nayo hukwaruzika, na ndiyo kazi yake, ikwaruzike badala ya kioo. Ikichakaa, nunua nyingine.

Nilipofungua mkoba ili niitie simu, nikakumbuka. Niliugeuza chini juu palepale barazani, mchanga wa Kigamboni ukamwagika miguuni pa fundi, naye akausogezea mbali na meza yake kwa ufagio.