Kila Utawala na Kivuli Chake

Dar es Salaam ina joto, na kila aliyepata kuitawala ilimbidi alijibu joto hilo kwa mawe, vigae au zege. Anayetaka kuusoma mji huu aanzie kwenye Boma la Kale, pale Barabara ya Morogoro inapoishia karibu na bandari. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alipoanza kujijengea mji mpya huku bara, miaka ya 1860, humo ndimo walimofikia wageni wake. Kuta ni nene, za matumbawe na chokaa; mlango ni wa nakshi. Majid alifariki 1870 kabla mji wake haujasimama sawasawa, lakini ingia humo saa saba mchana uone kuta zinavyofanya kazi hadi leo.

Ukifuata maji kuelekea Kivukoni unakutana na Kanisa la Azania Front, la Wajerumani, lenye vijipaa vya vigae vyekundu juu ya madirisha. Wenyewe walihamishia makao makuu hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891, na hawakuchelewa kulijua jua la pwani. Hawakuchelewa pia kujigawia upepo: Uzunguni ikakaa mashariki, ufukweni, Uhindini katikati, Waafrika wakasukumwa nyuma, magharibi. Waingereza hawakuuvuruga mpango huo. Mwaka 1927 wao walisimamisha sanamu ya Askari, palipokuwa na sanamu ya Mjerumani Wissmann.

Uhindini tembea ukiinua macho, ila chunga bajaji. Kuna ghorofa zenye roshani, na kwenye paji la baadhi yake jina la mwenye nyumba na mwaka wa kujengwa bado vinasomeka. Minara ya vioo inayozizidi kimo sina ugomvi nayo, na kutoka kwenye kivuko cha Kigamboni jioni inapendeza kweli. Ila humo ndani joto ameachiwa kiyoyozi.

Kwangu mimi, aliyelijibu joto vizuri kuliko wote ni fundi wa nyumba ya Kiswahili. Mbele baraza, ambapo watu hupunga upepo, hucheza bao na kuuza vitumbua. Katikati ukumbi unaopitisha hewa moja kwa moja hadi uani. Vyumba kulia na kushoto. Kariakoo ilijaa nyumba hizi. Zilizobaki zimebanwa na maghorofa ya biashara, baraza zimegeuzwa fremu za maduka.

Na hapohapo Kariakoo lipo soko alilolisanifu Beda Amuli, Mtanzania, katika miaka ya 1970. Mapaa yake ya zege yamefunguka juu kama miavuli iliyopinduliwa, yapokee mvua na kuacha hewa ipite, na chini yake wachuuzi wapate kivuli kipana kuliko walichowahi kujengewa na serikali yoyote ya kikoloni. Moto wa Julai 2021 uliliunguza vibaya. Miavuli haikuanguka.