Risiva ya Kumrudisha Babu Sebuleni

Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Ukitaka kuyathibitisha maneno hayo, tembea siku moja katika barabara ya Luthuli, hapa Nairobi, usome maandishi yaliyo kwenye maboksi ya redio na sabufa. Wati 5,000! Wati 10,000! Chombo chenyewe ukikiinua kwa mkono mmoja, hakizidi uzito wa kuku wa kienyeji. Nimeyasoma maboksi hayo mpaka macho yakauma, na leo nataka kukugawia, msomaji wangu, yale niliyoyapata, kwa maana pesa za kununulia vyombo hivi hazidondoki kutoka juu ya mti.

Nyumbani kwetu shughuli hii ilianza mwaka 2023, na chanzo chake kilikuwa baba mkwe wangu. Mzee alifanya kazi miaka mingi katika karakana ya reli, penye nyundo na mashine zilizonguruma kutwa. Alipokuja kuishi nasi mtaani Donholm, hakuna siku aliyokosa taarifa ya habari ya saa moja jioni. Lakini baada ya miezi michache akawa anainuka mapema na kwenda chumbani kwake. Watoto wakasema babu amekuwa mtu wa hasira. Mume wangu, ambaye hakupenda kabisa mjadala huo, alisema uzee ndio huo na mzee aachwe apumzike.

Binti yetu, wakati huo akiwa kidato cha tatu, ndiye aliyeketi karibu na babu yake na kumwuliza taratibu. "Mjukuu wangu," mzee akamjibu, "nawasikia, lakini wanaongea kama watu waliofunikwa blanketi."

Tulimpeleka hospitalini akapimwa masikio. Tukaelezwa kwamba kelele za miaka mingi, zikichanganyika na umri, huanza kwa kuziiba zile sauti nyembamba. Irabu hubaki, lakini konsonanti kama s, f na t hufifia. Mtu akisema pata, pasa au paka, mzee husikia zile a mbili na kuachiwa kubahatisha yaliyobaki. Alishauriwa avae vifaa vya kusaidia masikio, na tukaanza kuviwekea akiba, kwa kuwa bei yake ilituzidi kimo. Mkononi nilikuwa na shilingi 100,000, zamu yangu ya chama, ambazo tulikuwa tumezipangia tangi la maji na viti vipya. Swali likawa je, pesa hizo zingeweza kumrudisha mzee sebuleni huku tukingojea vifaa hivyo?

Kwanza ilitubidi tuelewe kosa liko wapi. Runinga za siku hizi ni nyembamba kama trei ya chai. Spika zake ni ndogo, na nyingi hutazama chini au nyuma, kwa hivyo maneno hugonga ukuta kabla ya kumfikia msikilizaji. Ukiongeza sauti, huongezi maneno peke yake; unaongeza pia muziki, milio ya magari na kila kishindo, mpaka jirani wa juu anapiga sakafu kwa kisigino.

Hapo ndipo risiva ya sinema ya nyumbani inapoingia. Risiva ni amplifaya inayopokea sauti kutoka kwa runinga, king'amuzi au mashine ya michezo, kisha kuigawa kwa spika kadhaa. Mtindo wa 5.1, ambao Dolby Digital iliutumia ilipoingia katika majumba ya sinema mwaka 1992 kwa filamu ya Batman Returns, una njia tano kuu na moja ya mngurumo. Kati ya hizo tano, iliyo muhimu kwetu ilikuwa moja tu, ile ya katikati. Katika filamu, maneno mengi ya waigizaji hupitia spika hiyo, na risiva hukuruhusu kuipandisha hiyo pekee na kuziacha nyingine zilipo. Hata taarifa ya habari inayokuja kwa njia mbili, risiva inaweza kuichambua na kuyasukuma maneno katikati.

Tulilinganisha risiva tatu za bei ya chini katika ukoo wao: Sony STR-DH590 na Yamaha RX-V385, zote zilizotoka mwaka 2018, pamoja na Denon AVR-X580BT, iliyokuwa mpya kuliko hizo mbili. Zote zina amplifaya za njia tano. Zote hupokea muziki wa simu kwa Blututhi, na hakuna hata moja yenye Wai-Fai. Kila moja huja na maikrofoni ndogo ya kupimia chumba, ili risiva ijue kila spika iko umbali gani.

Tukaanza na wati. Boksi la Sony lilijigamba kwa wati 145 kwa kila njia. Mwanangu wa kiume akashangilia kana kwamba timu yake imefunga bao. Lakini ukisoma maandishi madogo, utaona kipimo hicho ni cha toni moja tu, ya hezi 1,000. Njia mbili zikifanya kazi pamoja katika toni zote, kuanzia hezi 20 hadi 20,000, kampuni yenyewe inataja wati 90. Yamaha inataja 70, na Denon 70 vilevile. Hata hizo 70 mbili hazilingani, kwa sababu Yamaha ilipimwa kwa spika za omu 6 na Denon kwa omu 8, na kwa kawaida amplifaya hutoa wati chache zaidi omu zinapoongezeka. Isitoshe, ukiongeza wati maradufu, sauti hupanda kwa desibeli 3 tu, ambazo sikio huziona kama hatua ndogo. Kwa sebule ya mita nne kwa tano, zote tatu zilitosha na kubaki.

Na wale wa wati 10,000 je? Geuza chombo, usome kibandiko cha nyuma kinachosema kinakula umeme kiasi gani. Ukikuta wati 80, basi jua hakiwezi kutoa 10,000, kwa kuwa hakuna kinu kinachotoa unga mwingi kuliko mahindi yaliyotiwa. Udanganyifu huu si wa jana. Huko Marekani serikali ilitunga kanuni mwaka 1974 ya kuwabana watangazaji wa amplifaya wataje wati zilizopimwa kwa utaratibu mmoja.

Baada ya hapo tulitazama uimara. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kwa hiyo usidanganywe na taa za rangi. Katika amplifaya za aina hii, kitu kizito ni transfoma pamoja na vyuma vya kupoza joto, na hivyo ndivyo vinavyobeba kazi. Risiva zetu tatu zilikuwa kati ya kilo 7 na 8 kila moja, hivyo hakuna aliyemshinda mwenzake. Tulikagua pia pale nyaya za spika zinapofungwa, kama panashika au panalegea, na tukauliza dhamana inatolewa na nani na fundi yuko wapi. Katika duka moja muuzaji alitupa risiva ya bei nafuu sana. Mume wangu akainama nyuma yake akasoma: volti 120. Hiyo imetengenezewa umeme wa Marekani. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye volti 240 za hapa kwetu, utanusa moshi kabla ya kusikia wimbo. Wenye jamaa ughaibuni wanaoahidiwa zawadi wakumbuke jambo hili.

Basi tukabaki na manufaa. Denon hupitisha picha za 8K, na nyingine mbili huishia 4K. Mwanangu alitetea 8K kwa ufasaha wa wakili, lakini runinga yetu haina 8K, na tangi la maji lilikuwa bado halijanunuliwa. Zote tatu zina mpango wa usiku, ingawa kila kampuni huupa jina lake. Mpango huo huteremsha vishindo na kuinua minong'ono, nao ni neema kwa sisi tunaoishi kwenye fleti.

Kilichokata shauri kilikuwa kidogo sana. Risiva ya Yamaha ina vitufe vinne vilivyoandikwa SCENE. Ukibonyeza kimoja, inawaka na kuchagua yenyewe chombo cha kusikiliza na namna ya sauti uliyoiweka awali. Mzee wa miaka sabini na tisa hawezi kupekua menyu kwa rimoti yenye vitufe vidogo kama punje za mtama. Tulimpa kitufe kimoja, kile cha habari.

Hatukununua spika tano. Risiva hukubali kuambiwa kwamba za nyuma hazipo, kwa hivyo tulianza na tatu za mbele, na fungu kubwa la pesa za spika tukalitumia kwa ile ya katikati. Tuliiweka kwenye kimo cha kichwa cha mtu aliyeketi, ikamtazama mzee usoni. Zilizosalia zikaenda kwa tangi. Viti vipya vikasahaulika.

Sitakudanganya kwamba masikio yalipona. Kuna maneno bado yanampita, hasa watu wawili wanapozungumza kwa pamoja, na akiba ya vifaa vyake inaendelea. Lakini sasa hutazama habari hadi mwisho na kubishana na wabunge kwa sauti. Mume wangu, aliyesema ni uzee tu, ndiye anayemwekea kiti.

Kwa hivyo, msomaji, kabla hujaenda dukani, jiulize ni nani nyumbani mwako atakayesikiliza, na anakosa kusikia nini. Beba filamu au kipindi unachokijua vizuri, uombe kijaribiwe kwa sauti ya kawaida, si ya disko. Inua chombo, soma kibandiko cha nyuma, uliza volti, kisha umpe rimoti yule asiyependa mashine uone kama ataiweza. Na ukimwona mzee au mtoto ameacha kuketi nanyi mbele ya runinga, usiharakishe kumwita mnuna. Mpeleke kwanza akapimwe masikio.