Vyeti Vilivyobaki Kabatini

Katika shule yetu ya jimbo, watu huagwa mara tatu kabla mwaka haujaisha. Mara ya kwanza ni Oktoba, kwenye Misa ya watahiniwa. Wazazi hufika na vyakula vya kila aina, Padre hupita katikati ya viti akinyunyizia maji ya baraka kalamu na rula, na kila mama hukaza macho aone kama tone limeangukia kalamu ya mwanawe. Mara ya pili ni Novemba, karatasi ya mwisho ya KCSE ikishakusanywa. Siku hiyo hakuna Misa. Kuna masanduku ya bati yakiburutwa kwenye saruji, magodoro yakifungwa kwa kamba, matatu zikipiga honi nje ya lango, na wasichana wakilia huku wanacheka. Mara ya tatu ni Desemba, barua za Mama Mkuu wa shirika zinapofika kusema Sista gani anahamia wapi.

Nimefundisha Kiswahili hapa kwa miaka 11, na nilidhani nimeyazoea yote matatu. Lakini mwaka 2025 ulikuwa wa ajabu kidogo. KCPE ya mwisho ilifanywa 2023, watoto wake wakaingia kidato cha kwanza 2024, na baada yao hakuja mtu. Mwaka mzima bweni moja lilikaa limefungwa. Desturi yetu ni kwamba msichana wa kidato cha nne huwa na "mtoto" wake wa kidato cha kwanza, na siku ya kuondoka humrithisha beseni, ndoo na kamba ya kuanikia nguo. Safari hii mabeseni yalibaki yamepangwa ukutani kama yanangoja zamu. Matroni aliyaangalia akasema, "Sasa haya nitampa nani, Mwalimu?"

Kabla ya kutoka, kila msichana huzunguka na fomu ya kuondoka akitafuta sahihi. Maktaba isaini kwamba hadaiwi kitabu. Maabara isaini kwamba hakuvunja chupa. Jikoni, matroni, mwalimu wa michezo. Sahihi ya mwisho ni ya mhasibu, na hapo ndipo wengine husimama. Salio la karo linasomwa, msichana anaitikia kwa kichwa, anaikunja ile fomu na kuitia mfukoni. Kisha anatoka kupiga picha na wenzake. Ukimwangalia pale langoni huwezi kujua. Amepanda matatu ileile, anapunga mkono vilevile.

Tofauti huja kuonekana baadaye. Matokeo watayaona kwenye simu, lakini cheti chenyewe ni karatasi, na karatasi hiyo huletwa shuleni miezi kadhaa baada ya matokeo. Aliyesainiwa huja kuchukua cheti chake. Asiyesainiwa, cheti chake huingia kwenye kabati la chuma lililo nyuma ya mlango wa ofisi.

Sheria ya Baraza la Mitihani ya mwaka 2012 inasema cheti kisizuiliwe na mtu wala taasisi yoyote. Wizara nayo imelirudia jambo hilo mara nyingi. Hata hivyo, nisingependa kuisema shule yangu kana kwamba ni ya watu wakatili. Serikali haitulipi mishahara. Mahindi na maharagwe tunayanunua kwa mkopo, na kuna muhula mwenye duka alikuja mwenyewe akakaa kwenye benchi la ofisi tangu asubuhi hadi saa kumi. Mshahara wangu hutoka katika karo hiyohiyo. Msichana asipolipa, mpishi hasikii habari za haki. Anasikia kwamba mwisho wa mwezi umesogezwa. Kabati lile halikujazwa na mtu mmoja mwenye roho mbaya. Lilijaa polepole, cheti kimoja baada ya kingine, kila kimoja na sababu yake.

Wiki ya kwanza ya Majilio barua ya Sista Mkuu ilifika. Alikuwa ametuongoza miaka sita. Sasa anatakiwa Turkana kabla ya Januari. Masista wamezoea mambo haya. Wanasoma barua, wanasali, wanaanza kukunja nguo. Lakini mkuu wa shule lazima kwanza akabidhi, na kukabidhi ni kuhesabu. Alinishika mimi na mhasibu tumsaidie. Tulihesabu vitanda, tukahesabu matangi ya maji, ng'ombe watatu na ndama, sufuria kubwa za jikoni, vitabu. Tulipofungua kabati la chuma tukahesabu vyeti 61. Cha zamani kuliko vyote kilikuwa cha 2009.

Mhasibu akataka kuandika: vyeti visivyochukuliwa, 61. Sista akamzuia kalamu.

"Hivi nitaviandika wapi? Hawa si vitanda."

Siku iliyofuata alienda kwa ofisi ya elimu ya jimbo, kisha akaitisha halmashauri. Sikuwa ndani. Nilichoona ni kwamba waliingia saa nne wakatoka saa nane, na kuna mzee mmoja aliyetoka bila kumwaga mtu. Uamuzi ulikuwa mfupi: vyeti vitolewe, madeni yabaki kwenye daftari, mwenye uwezo atalipa. Sista akaniletea orodha na simu ya ofisi. "Mwalimu, wewe wanakujua sauti. Anza kupiga."

Nilipiga kwa wiki mbili. Namba nyingi zilikuwa zimekufa. Mmoja alinikatia akidhani mimi ni mkora wa simu, na simlaumu, maana ukiambiwa kuna kitu chako cha bure siku hizi jambo la kwanza ni kuficha namba yako ya siri. Karibu wote waliopokea waliuliza swali moja kabla hata ya salamu: "Sasa imefika ngapi?" Walidhani deni limekuwa likizaa huko liliko. Niliwaambia waje na kitambulisho tu. Wengine walinyamaza kwa muda mrefu mpaka nikauliza kama bado wako hewani.

Nikajifunza cheti kinaweza kumweka mtu wapi. Mmoja alikuwa amejaribu kuingia polisi mara mbili. Pale uwanjani wanataka cheti halisi, nakala haisaidii. Mmoja alikuwa Riyadh, mwaka wa nne sasa, katika nyumba za watu. Alisema aliichagua kazi hiyo kwa sababu hakuna aliyemuuliza cheti. Mama yake ndiye aliyekuja, na kuku mwekundu mkononi, akasisitiza Sista ampokee. "Huyu si wa karo," alisema. "Karo bado nadaiwa, najua. Huyu ni wa asante."

Mwingine alikuja moja kwa moja kutoka sokoni, gambuti zina matope, mtoto mgongoni. Nilimfundisha. Alikuwa hodari wa ushairi na mvivu wa insha. Alikishika cheti kwa ncha za vidole asikichafue, akakisoma taratibu. Nilidhani anaangalia gredi, lakini hizo alizijua tangu zamani. Alikuwa anasoma jina lake. "Wameliandika vizuri," akasema. Halafu akatuambia kitu ambacho hakuna kati yetu aliyekijua: kwamba mwaka wake wa mwisho hakungoja wenzake. Aliona haya ya mhasibu, akatoka mapema kwa mguu kupitia shamba la mahindi, sanduku akalifuata baadaye kaka yake.

Sista aliinuka. "Basi leo utapita langoni," akamwambia, wakatoka pamoja. Nikawaona wakienda polepole, Sista amembebea mtoto, wakipiga stori kama watu waliotoka kanisani. Kwetu mtu anayeondoka husindikizwa. Humwachi mgeni afunge mlango mwenyewe. Unamvusha uani, unamfikisha njiani, na kama ana mzigo unamshikia kidogo, kisha unamrudishia. Tulikuwa tumewaombea wasichana hawa, tukabariki kalamu zao, tukawaimbia. Lakini huwezi kusema umemsindikiza mtu ikiwa umerudi nyumbani na mzigo wake.

Sista mwenyewe aliondoka siku chache kabla ya Krismasi, na sanduku moja na gitaa. Tulimsindikiza hadi barabara ya lami: walimu, wapishi, soja wa lango, na wasichana wanne wa zamani waliokuwa wamesikia. Gari lilipochelewa alituhimiza turudi, tukakataa.

Januari hii gredi ya 10 wameingia. Bweni limefunguliwa, na mabeseni ya matroni yamepata wenyewe. Mkuu mpya ni Sista kijana, anauliza maswali mengi, na hilo ni jema. Kwenye karatasi za kukabidhiwa amekuta ukurasa mmoja wenye majina tisa, na mbele ya kila jina namba zote tulizojaribu na siku tuliyopiga. Hao ndio tuliowakosa. Nilimwuliza kama niendelee.

"Endelea," akasema, "na uniambie wa mwaka jana ni wangapi hawakusainiwa. Hao tuwapigie kabla vyeti vyao havijafika."

Ni 14. Jana jioni nimepiga simu tano.