Goma: Kilo tano za kahawa kutoka Kalehe na shida ya kupata mashine ya kuzisaga

Mama mmoja wa watoto wanne alikimbia vita kwenye milima ya wilaya ya Kalehe, Kivu Kusini, mwanzoni mwa mwaka 2024. Aliingia Goma na mtoto mgongoni na mfuko wa kahawa kichwani. Zilikuwa kama kilo tano, kahawa ya shamba lao, imeoshwa na kukaushwa, bado ina ganda lake jembamba. Nguo zilibaki, sufuria zilibaki. Majirani wa mtaa wa Ndosho, ambako jamaa waliwapa chumba kimoja cha mbao, walimcheka. Walimuuliza: "Mama, watoto watakula kahawa?"

Alitaka kuiuza. Lakini baba mkwe wake, mzee aliyekimbia pamoja nao, akakataa. "Nimepanda kahawa tangu nikiwa kijana," alisema. "Sijui hata ladha yake. Muniachie niikunywe."

Mzee hakuwa peke yake. Kandokando ya ziwa Kivu, kutoka Idjwi hadi Minova, wakulima wengi wa kahawa hawanywi kahawa yao. Kwa miaka mingi ilipakiwa kwenye mitumbwi usiku na kuvushwa Rwanda kwa siri, na wako waliozama pamoja na magunia yao. Nyumbani watu walikunywa chai, ama kahawa ya kopo iliyotoka ng'ambo.

Basi mama huyo akaanza kazi. Aliazima kinu kwa jirani, akatwanga polepole ili ganda litoke, akapepeta kwa ungo. Akakaanga punje kwenye sufuria juu ya makala, akikoroga bila kuacha, mpaka zikalia na kuwa za kahawia. Hapo hapakuwa na shida. Shida ilikuja kwenye kusaga.

Mara ya kwanza alitwanga kwenye kinu kile kile. Kinu hicho hutwanga sombe kila siku, na kahawa ikatoka na harufu ya sombe. Tena unga haukuwa sawa: nusu vumbi, nusu vipande vikubwa. Vumbi hutoa uchungu haraka kwenye maji ya moto, na vipande vikubwa havitoi kitu. Kikombe kinakuwa kichungu na chepesi kwa wakati mmoja. Mzee alikunywa kidogo, akaweka kikombe chini, akanyamaza. Kilo moja ilikuwa imekwisha katika majaribio.

Zamu yake ya likelemba ilipofika, alipata dola 30. Dola 20 zilikwenda kwenye masomo ya watoto. Akabaki na 10, akashuka Birere.

Muuzaji wa kwanza alimuonyesha mashine ya umeme yenye kisu chini, ya dola 18. "Mama, hii itasaga hata mawe," alimwambia. Lakini nyumba yao haina umeme. Jirani ana sola ndogo ya kuwasha taa na kujaza simu, na mashine ya namna hiyo inaomba wati 150 ama zaidi. Halafu kisu hakisagi, kinakatakata. Unga wake hautofautiani sana na ule wa kinu.

Wa pili alikuwa na mashine kubwa ya chuma, ile ya kufunga kwenye meza na kuzungusha kwa mkono, ambayo wengi husagia mahindi na karanga. Aliomba dola 12. Ni ya nguvu, na kwa mtu anayeuza kahawa sokoni inaweza kufaa. Lakini inataka meza nzito, na ile ilikuwa imeshika mafuta ya karanga.

Kwa wa tatu, katikati ya vitu vilivyotumika vya Ulaya, kulikuwa na kisanduku cha mbao chenye droo chini na mpini juu. Muuzaji hakujua ni cha nini. Mama alifungua fundo la kitenge, akatoa punje alizokaanga, akaomba azijaribu palepale. Alizungusha, akafungua droo, akamwaga unga kwenye karatasi nyeupe. Chembe zilikuwa karibu sawa zote. Akashika mhimili wa katikati, akautikisa: haukucheza. Akageuza skrubu ya juu: unga ukawa mnene zaidi, akairudisha, ukawa laini. Kilikosekana kitu kimoja, nati ya kukaza mpini. Walipatana dola 7. Fundi wa pikipiki wa mtaani alitafuta nati inayofaa, akaifunga bila kuomba kitu.

Hayo ndiyo ya kuangalia kwa mtu yeyote mwenye pesa kidogo. Usiangalie rangi wala ukubwa. Beba punje zako, jaribu kabla ya kulipa, angalia kama unga ni sawa, kama mhimili hautikisiki, na kama unaweza kuchagua unene. Mashine ya mkono yenye meno ya chuma, hata kuukuu, inashinda mpya ya kisu. Isioshwe kwa maji, itashika kutu; brashi kavu inatosha. Na isisage kitu kingine, wala pilipili wala karanga.

Nyumbani, mama huyo anasaga ya siku hiyo tu, kwa sababu kahawa iliyosagwa hupoteza harufu upesi. Unga uwe kama chumvi ya mawe iliyopondwa. Vijiko viwili vya chakula kwa kikombe, maji yaliyochemka, kungoja dakika nne, kisha kumimina polepole kwenye kitambaa safi. Goma iko juu, karibu mita 1.500, na maji huchemka kwenye digrii 95 hivi. Kwa kahawa huo ni moto unaofaa, hakuna haja ya kuyapoza.

Asubuhi ile mzee alikaa mlangoni, miguu juu ya mawe meusi ya volkeno. Alinusa kwanza. Akakunywa, akakunywa tena, bila sukari. Watoto walimtazama.

"Ni hii?" aliuliza.

"Ni hii, baba. Ya shamba la juu, karibu na mto."

Alimaliza kikombe chote. Halafu akauliza swali ambalo mama huyo hajapata jibu lake mpaka leo: "Kumbe ni hii walikuwa wanatununulia kwa bei ile?"

Mfukoni zilikuwa zimebaki kilo tatu na kitu. Mzee aliomba apewe kikombe kimoja kila siku ya Mungu, ili zifike mbali. Jirani aliyewacheka alikuja Jumapili iliyofuata, ameleta kikombe chake.